Albert Thys na mlima wa Palabala

Ukifungua ramani ya Kongo iliyochapwa kabla ya uhuru, utaona kati ya Matadi na Léopoldville mji unaoitwa Thysville. Leo mji huo ni Mbanza-Ngungu, na mtu aliyeupa jina lile la zamani amesahaulika kuliko wenzake wa enzi ile. Stanley bado anatajwa shuleni. Leopold II anatajwa kila tunapozungumzia habari za mpira na mikono iliyokatwa. Albert Thys ametoweka pamoja na jina lake. Wako hata wanaomchanganya na Albert wa Albertville, yaani Kalemie ya leo, ilhali yule alikuwa mtoto wa ndugu yake Leopold, ambaye baadaye alirithi kiti cha ufalme wa Ubelgiji.

Thys hakuwa mvumbuzi wa njia wala gavana. Alikuwa mtu wa hesabu: aliunda kampuni, alitafuta mtaji, aliwabembeleza wabunge, kisha akajenga reli. Nataka kusimulia maisha yake kwa kukaa zaidi mahali pamoja, pale ambapo hesabu zake zilikutana na mawe, yaani kwenye mlima wa Palabala, kilomita chache kutoka Matadi. Kwa miaka zaidi ya ishirini treni za abiria zilipanda mlima ule kwa nguvu ya mvuke, kwenye mwinuko ambao wahandisi wengi wa Ulaya wangeukataa. Mwinuko huo Thys aliukubali kwa sababu ulikuwa rahisi kwa bei. Swali langu ni moja: bei iliyopunguzwa pale ililipwa na nani?

Alizaliwa tarehe 28 Novemba 1849 huko Dalhem, kijiji cha mkoa wa Liège, nchi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Alisoma shule ya kijeshi akawa afisa. Mwaka 1876, Leopold II alipoitisha mkutano wa wanajiografia mjini Brussels na kuanza kuitolea macho Afrika ya kati, Thys aliingizwa kwenye ofisi ya mfalme kushughulikia mambo hayo. Alikuwa na miaka 26. Kwa miaka kumi alisoma barua, ripoti na hesabu zilizotoka kwa watu waliokuwa huku, naye mwenyewe akiwa hajaiona Kongo. Hapo ndipo alipoelewa jambo ambalo Stanley naye alilisisitiza kila mara: mto Kongo na matawi yake una maelfu ya kilomita zinazopitika kwa meli, lakini kati ya Léopoldville na Matadi maji yanaanguka katika maporomoko mfululizo, na meli haipiti. Mali yote ya ndani ilifungiwa nyuma ya ukuta huo.

Kabla ya reli, ukuta ulivukwa kwa vichwa vya watu. Wapagazi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja, wakatembea wiki tatu au karibu na hapo, wakapanda na kushuka vilima kati ya Matadi na Pool. Hata meli za mvuke za mto wa juu zilipita njia hiyo vipande vipande. Watu wa Bas-Congo walilazimishwa kutoa wapagazi, na vijiji vya kando ya njia vilianza kuhamwa. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba reli iliingia katika nchi iliyotulia. Iliingia mahali ambapo mizigo ilikuwa tayari imeshaua watu.

Mwishoni mwa 1886 Thys aliunda Compagnie du Congo pour le Commerce et l'Industrie, ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunguza kama reli inawezekana. Mwaka 1887 alikuja mwenyewe. Wapimaji waliongozwa na Ernest Cambier, afisa yuleyule aliyeanzisha kituo cha Karema kwenye ufuko wa Tanganyika mwaka 1879, baada ya kuja kutoka pwani ya mashariki pamoja na misafara ya Waswahili. Sasa alikuwa upande wa pili wa bara, akipima mawe. Tarehe 31 Julai 1889 ilizaliwa kampuni ya reli yenyewe, Compagnie du Chemin de fer du Congo, yenye mtaji wa faranga milioni 25, ambazo milioni 10 zilitolewa na serikali ya Ubelgiji.

Hapa inafaa kueleza hesabu ya mlima, maana bila hiyo maisha ya Thys hayaeleweki. Reli yake ilikuwa nyembamba: kutoka chuma hadi chuma ni milimita 765, upana wa hatua moja ya mtu mzima. Reli nyembamba inaweza kukata kona kali, na kona zake nyingine zilikuwa na nusu-kipenyo cha mita 50 tu. Badala ya kutoboa mlima au kujenga madaraja marefu, unauzunguka ukifuata mikunjo yake. Unachimba kidogo, unanunua chuma kidogo. Mwinuko wake mkali ulifika 45 kwa elfu, maana yake kila mita 1,000 za kwenda mbele treni inapanda mita 45. Kwa mtu anayetembea, huo ni mlima wa kawaida. Kwa gurudumu la chuma juu ya chuma, ni ukuta.

Tuchukue mfano. Injini ya mvuke yenye uzito wa tani 30, magurudumu yake yote yakivuta, hushika reli kavu kwa nguvu ya sehemu moja ya sita ya uzito wake, yaani kilo 5,000. Kwenye mwinuko wa 45 kwa elfu, kila tani ya treni hudai kilo 45 za kushindana na mlima, pamoja na kilo kama 15 za msuguano na kona. Ukigawanya, injini hiyo inaweza kupandisha tani 83 kwa jumla. Ondoa tani 30 zake yenyewe, zinabaki tani 50 na kidogo za mabehewa, watu na mizigo. Mahali tambarare injini hiyohiyo ingevuta mara kadhaa ya hapo. Mvua ikinyesha, chuma kinateleza, magurudumu yanazunguka pale pale, na dereva anamwaga mchanga mbele yake ili yashike. Akikosa mvuke katikati ya mlima, treni inasimama, na kuiondoa tena ni shida. Kushuka nako si nafuu, kwa sababu uzito wote unasukuma na maisha ya abiria yanategemea breki.

Hivyo aliyechagua mwinuko mkali alichagua treni fupi, injini ndogo nyingi, na safari ya polepole kwa miaka yote ambayo reli ingeishi. Thys aliyajua hayo. Alichagua hivyo kwa sababu milioni 25 hazikutosha kwa njia bora, na kwa sababu alihitaji kuwaonyesha wenye hisa treni inayotembea, hata kama inatembea taratibu.

Ujenzi ulianza Machi 1890. Kutoka Matadi njia ilichongwa kwenye ubavu wa mwamba juu ya mto Kongo, ikageuka kufuata bonde la mto Mpozo, ikavuka, kisha ikaanza kupanda Palabala. Kipande hiki kifupi, ambacho kilipanda zaidi ya mita 200, kilikula karibu kila kitu. Baada ya miaka mitatu kampuni ilikuwa imejenga kilomita 23 hivi. Mwisho wa 1893 treni ilifika Kenge, kilomita 40. Linganisha na kilichofuata: kilomita 350 zilizobaki zilijengwa kwa miaka minne na miezi michache tu. Karibu nusu ya muda wote wa kazi iliishia kwenye sehemu moja ya kumi ya njia.

Jina la Matadi lenyewe lingeweza kumwonya. Katika Kikongo tadi ni jiwe na matadi ni mawe, kama sisi tunavyosema jiwe na mawe. Kiambishi ma- ni kilekile cha wingi. Stanley alipokuwa akipasulia barabara miamba ya upande wa pili wa mto, aliitwa Bula Matadi, mvunja mawe, na jina hilo, lililoandikwa mara nyingi Bula Matari, likahamia kwa serikali nzima ya kikoloni. Lakini waliovunja mawe ya reli kwa baruti na nyundo si Stanley wala Thys. Watu wa Bas-Congo, waliokwisha kuchoshwa na upagazi, walikimbia kazi hiyo. Kampuni ikaajiri mbali: Sierra Leone, Senegal na nchi nyingine za pwani ya magharibi, Zanzibar, Barbados, na mwaka 1892 hata mamia ya Wachina waliopakiwa Macao. Kati ya Wachina wengi walikufa au walitorokea porini ndani ya muda mfupi. Waliowaua wafanyakazi ni malaria, ugonjwa wa kuhara damu, beriberi, joto la mwamba, na baruti iliyolipuka kabla ya wakati.

Takwimu rasmi ya waliokufa katika ujenzi wote ni Wazungu 132 na watu wengine 1,800. Wanahistoria wengi wanaona kwamba namba ya pili ni ndogo mno. Mimi si mwanahistoria, ila naomba tuzisome namba hizo kama tunavyosoma maandishi yoyote. Mia moja thelathini na mbili ni namba ya mtu aliyehesabu makaburi moja moja, kila moja na jina lake. Elfu moja na mia nane ni namba ya mtu aliyekadiria akaishia kwenye sifuri. Kampuni iliyojua urefu wa njia yake kwa mita na upana wake kwa milimita haikujua ni Waafrika na Waasia wangapi walikufa juu yake.

Shahidi mmoja wa miaka hiyo anafahamika kwa kila anayesoma fasihi ya Kiingereza. Novemba 1889 baharia Joseph Conrad alikwenda Brussels kuonana na Thys, ambaye pia aliongoza kampuni ya meli na biashara ya mto wa juu, akaahidiwa kazi. Juni 1890 alishuka Matadi, akatembea kwa miguu hadi Pool, kwa kuwa reli ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Riwaya yake fupi, Heart of Darkness, iliyotoka 1899, ina mkurugenzi mnene wa Brussels na ina wajenzi wa reli wanaokufa chini ya miti. Thys anapita humo kwa sentensi chache, bila jina. Wafanyakazi wanapata kurasa, nao bila majina.

Mwaka 1892 fedha zilikuwa zinakwisha, na wafanyakazi waliokuwa na mikataba walitaka kurudi kwao. Mtu mwingine angeifunga kampuni. Thys alirudi kwa wabunge, akaomba mikopo na dhamana, akatukanwa magazetini, akarudi tena. Gharama za mwisho zilizidi makadirio zaidi ya mara mbili. Katika miaka hiyohiyo aligombana na Leopold II. Kuanzia 1891 mfalme alianza kudai kwamba mpira na pembe za ndovu zote katika ardhi iliyoitwa tupu ni mali ya Dola, na kampuni za Thys zikazuiwa kununua kwa wananchi. Thys alipinga, na urafiki wake na kasri ya mfalme ukaisha. Wako wanaomsifu kwa hilo, na ni kweli kwamba alipinga mfumo ambao baadaye ulileta mauaji ya mpira. Hata hivyo alipinga kama mfanyabiashara aliyefungiwa soko. Na reli ilipokamilika, mpira uleule wa mfalme uliteremka Palabala ndani ya mabehewa yake, ukimlipa nauli. Hisa za kampuni zilipanda bei kwa namna ambayo iliwashangaza hata waliozinunua.

Treni ya kwanza ilifika Pool Machi 1898, na sherehe rasmi zilifanyika Julai mwaka huo. Njia ilikuwa na karibu kilomita 390. Safari ya wiki tatu ikawa ya siku mbili: treni ilitembea mchana tu, ikalala njiani. Abiria waliotoka Ulaya kwa meli walipanda Matadi asubuhi, na saa za kwanza za safari zilikuwa ndizo za mlima. Upande mmoja mwamba uliokatwa, upande mwingine bonde la Mpozo. Injini ndogo ikipumua kwa nguvu, behewa moja au mawili nyuma yake, na kwenye kona kali aliyeketi nyuma aliweza kuiona injini yake mwenyewe ubavuni. Wazungu na Waafrika hawakupanda behewa moja. Lakini mlima ulimvuta kila mtu kwa uzito uleule, kilo 45 kwa tani.

Nisingekuwa mkweli nikiacha upande wa pili wa mizani. Reli iliondoa mzigo juu ya vichwa vya Bakongo katika njia hii. Upagazi wa Matadi hadi Pool ulikufa siku treni ilipofika, na hakuna aliyeulilia. Thys aliliahidi hilo mapema, na lilitimia. Wanaomtetea wanasema kwamba waliokufa Palabala waliokoa wengi zaidi ambao wangekufa njiani. Siwezi kuikubali hesabu hiyo, kwa sababu wapagazi na wajenzi wote wawili walikuwa wakilipia mali iliyokwenda Antwerp. Lakini siwezi pia kudai kwamba mama wa Bas-Congo ambaye mwanawe hakuitwa tena kubeba mzigo aliona reli kama balaa tupu.

Sisi watu wa lugha tuna sababu yetu ya kuikumbuka kazi hii. Katika kambi za reli walikutana wasema Kikongo cha lahaja mbalimbali, watu wa pwani ya magharibi, na wale walioitwa Wazanzibari, ambao wengi wao walitoka bara na waliletewa jina hilo na mkataba. Wanaisimu bado wanabishana kuhusu asili ya Kituba, ambacho wengi wanakiita Kikongo ya leta, yaani Kikongo cha serikali. Harold Fehderau aliona mizizi yake katika biashara ya kabla ya wakoloni. William Samarin alitia uzito kwa wafanyakazi wageni wa miaka ya 1880 na 1890. Kwa vyovyote vile, lugha ambayo kitenzi chake kimeacha viambishi vya nafsi, ikasema mono ke kwenda mahali ambapo Kikongo cha vijijini kingefunga yote katika neno moja, ni lugha inayofaa pale ambapo watu wengi wasiojuana wanapaswa kuelewana haraka. Kambi ya chini ya mwamba wenye baruti ni mahali pa namna hiyo.

Thys hakuishia kwenye reli. Mwaka 1891 kampuni yake mama ilizaa Compagnie du Katanga, ambayo ilituma misafara kuelekea huku kwetu. Mmoja, ule wa Stairs, ulitoka Bagamoyo ukiwa na wapagazi wa Zanzibar, na mwishoni mwa mwaka huo Msiri aliuawa na watu wake karibu na Bunkeya. Mwaka 1899 Thys alianzisha Banque d'Outremer. Alipanda cheo cha kijeshi hadi jenerali bila kuongoza vita. Alifariki Brussels tarehe 10 Februari 1915, mji wake ukiwa chini ya jeshi la Ujerumani. Mnara wake uko huko, kwenye bustani ya Cinquantenaire.

Mlima wake haukudumu sana baada yake. Kati ya 1923 na mwanzo wa miaka ya 1930 reli ilijengwa upya kwa upana wa milimita 1,067, na mwinuko mpole zaidi, ili injini kubwa ziweze kuvuta treni ndefu. Yaani akiba aliyoifanya Thys mwaka 1890 ilibidi irudishwe miaka thelathini baadaye, na tena kwa jasho la watu waliolazimishwa kufanya kazi. Hilo ndilo jibu la swali langu la mwanzo, na lina sehemu mbili. Waliolipa kwanza ni wale wa Zanzibar, Freetown, Macao na Barbados. Waliolipa mara ya pili ni watoto wa Bakongo.

Mji wa Thysville uliendelea kubeba jina lake hata baada ya uhuru. Humo, mwaka 1921, alihukumiwa Simon Kimbangu. Humo, Julai 1960, askari waliasi, na katika kambi yake alifungwa Patrice Lumumba hadi siku alipopelekwa Katanga kuuawa, Januari 1961. Baadaye mji ukapewa jina la Kikongo, Mbanza-Ngungu. Palabala haikuhitaji kubadilishwa jina. Jina hilo lilikuwapo kabla wapimaji wa Cambier hawajafika, wao wakaliandika kwenye ramani kama walivyolisikia kwa wenyeji, na wenyeji bado wanalitaja vilevile. Wale waliopasua mawe yake hawakuandikwa popote.